Somo la Tisa: Chakula cha Kijana Anayekua

(Maneno ya somo lililosomwa katika radio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa awasomee wanafunzi sehemu moja moja, kisha awape nafasi ya kuuliza.)

Natumaini kila mtu amekwisha kukaa, daftari liko mbele yake na kalamu iko mkononi. Hili ni somo la tisa katika masomo yetu ya historia ya maisha ya kila siku. Katika somo la nane tulisoma habari za mtoto mchanga na mtoto aliyeachishwa ziwa. Leo tutasoma habari za chakula cha kijana, yaani mtoto wa kike au wa kiume tangu miaka 10 hivi mpaka miaka 19.

Labda utasema, "Historia ni habari za wafalme na vita. Chakula kinaingiaje humo?" Swali lako ni zuri. Lakini fikiri: mfalme alikula, askari alikula, na mkulima aliyewalisha wote wawili alikula pia. Jinsi watu walivyokula iliamua urefu wao, nguvu zao, na hata kama wangefika uzee. Hiyo nayo ni historia, tena ni historia inayoendelea jikoni kwako jioni hii.

1. Umri huu una nini?

Wazee wetu hawakumwita kila mtoto kwa jina moja. Walisema kigori kwa msichana ambaye bado hajavunja ungo, mwali kwa yule aliyevunja ungo, na barobaro kwa kijana wa kiume mwenye nguvu. Walijua kwamba mwili wa umri huu unabadilika upesi, na kwamba kila hatua yafaa kuwa na jina lake.

Madaktari wamepima mabadiliko hayo. Mtoto wa miaka saba au minane huongezeka kama santimita 5 au 6 kwa mwaka. Kisha huja wakati ambapo mwili huamka. Kwa wasichana wengi wakati huo huanza kwenye miaka 10 au 11, na kwa wavulana miaka 12 au 13. Katika mwaka mmoja wa kasi kubwa, msichana aweza kuongezeka kama santimita 8, na mvulana kama 9 au zaidi. Kwa hiyo usishangae ukiona suruali ya mwanao imekuwa fupi kabla haijachakaa.

Sasa, mwili haujengwi kwa hewa. Mifupa yataka madini ya chokaa, ambayo wataalamu huita kalisi. Damu yataka madini ya chuma. Nyama za mwili zataka protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Wataalamu wa Marekani wanahesabu kwamba kijana wa miaka 9 mpaka 18 ahitaji miligramu 1,300 za kalisi kwa siku, hali mtu mzima wa miaka 30 atosheka na 1,000. Angalia jambo hilo vizuri. Baba ni mkubwa kuliko mwanawe, lakini mwanawe ahitaji kalisi nyingi kuliko baba. Na wakati wa kukua ukipita, haurudi tena. Mifupa ikikomaa, hakuna chakula kitakachomfanya mtu arefuke.

2. Zamani kwetu

Je, wazee wetu waliijua habari hii? Kwa sehemu waliijua. Katika makabila mengi ya Afrika Mashariki, wakati wa jando ulikuwa pia wakati wa kulisha. Vijana walipokuwa porini walipelekewa chakula kutoka majumbani. Huko pwani, mwali alitunzwa ndani na kulishwa vizuri ili atoke amenona. Kwa Wamasai, vijana wa rika la moran walikunywa maziwa kwa wingi, na walikwenda porini kula nyama pamoja.

Lakini palikuwa na desturi nyingine ambazo hazikumsaidia kijana, hasa msichana. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, wanawake na wasichana walikatazwa kula mayai. Mahali pengine walikatazwa kuku, au samaki, au baadhi ya viungo vya mnyama. Na katika nyumba nyingi baba na wageni walipakuliwa kwanza, wavulana wakafuata, na wasichana pamoja na mama yao wakala kilichobaki chini ya chungu.

Katika darasa moja nililolitembelea, mama mmoja alisimama akaniuliza, "Bwana Mwalimu, bibi yangu alinifundisha kwamba msichana akila mayai atapata taabu ya kuzaa. Nami nimewafundisha binti zangu hivyo hivyo. Je, bibi yangu alikuwa mwongo?" Darasa zima lilinyamaza likingoja jibu.

Nilimjibu hivi, nawe msomaji nakujibu vivyo hivyo. Bibi hakuwa mwongo. Alifundisha alichofundishwa, naye alikupenda. Lakini yai halimdhuru msichana, wala halimzuii kuzaa. Yai lina protini nzuri sana. Fikiri habari za zamani: kuku walikuwa wachache, na yai likiachwa huwa kifaranga, na kifaranga huwa kuku wa mgeni au wa kuuza. Katika nyumba yenye mayai matatu, lazima mtu fulani anyimwe, na mara nyingi anayenyimwa ni yule asiyeweza kubisha. Mama yule alikaa kitako, akafikiri, kisha akasema, "Basi tulinyimwa." Wanawake wenzake wakaitikia.

3. Mahindi yalivyokuja

Huenda ukadhani kwamba ugali wa mahindi ulikuwako tangu Adamu. Sivyo. Mahindi na mihogo ni vyakula vya Amerika. Vililetwa Afrika baada ya mwaka 1500, na Wareno walikuwa miongoni mwa walioleta. Kabla ya hapo, na muda mrefu baadaye, watu wa bara walikula mtama, ulezi na uwele, pamoja na kunde, mboga za porini, na maziwa kwa wafugaji.

Mahindi yana faida nyingi. Huzaa sana, na ganda lake huyakinga na ndege. Katika karne ya 20 yalienea kuliko nafaka nyingine zote katika sehemu nyingi za nchi zetu. Wenye mashamba ya mkonge na migodi waliwapa wafanya kazi posho, na posho hiyo mara nyingi ilikuwa unga wa mahindi. Mpaka leo watu wa Uganda wakisema "posho" wana maana ya ugali wenyewe. Basi ona jinsi historia inavyojificha ndani ya neno.

Hasara ilikuja kwa njia mbili. Kwanza, watu waliacha ulezi, na ulezi una kalisi nyingi sana kuliko mahindi. Pili, zilikuja mashine za kukoboa. Punje ya mahindi ina ganda na kiini, na humo ndimo yanamokaa mafuta yake, sehemu kubwa ya vitamini zake, na madini ya chuma. Mahindi yakikobolewa, unga huwa mweupe na laini, nao tunauita sembe. Yakisagwa yote bila kukobolewa, unga huitwa dona. Watu wengi waliuona unga mweupe kuwa ni wa kistaarabu, na dona kuwa ni ya maskini. Kumbe tajiri alikuwa akilipa fedha zaidi ili apunguziwe chakula!

4. Vita iliyofunua njaa

Sasa tutoke kwetu kidogo, twende Uingereza. Mwaka 1899 Waingereza walianza kupigana na Makaburu huko Afrika ya Kusini, na vita ile ikaendelea mpaka 1902. Vijana wengi wa miji ya Uingereza walikwenda kujiandikisha kuwa askari. Madaktari wa jeshi walipowapima, waliwakuta wengi ni wafupi, wembamba, meno mabovu na vifua vyembamba. Mwaka 1902 jenerali mmoja, Frederick Maurice, aliandika kwamba katika kila watu watano waliotaka kuwa askari, baada ya miaka miwili wabaki wawili tu wanaofaa.

Taifa hilo lilikuwa likitawala sehemu kubwa ya dunia, lakini lilikuwa halijawalisha watoto wake. Vijana wale walikuwa watoto wa wafanya kazi wa viwanda, waliokulia mikate na chai.

Serikali yao iliunda kamati, nayo ikatoa taarifa mwaka 1904. Mwaka 1906 ilipitishwa sheria iliyoruhusu halmashauri za miji kuwapa chakula watoto wa shule wenye njaa. Katika mji wa Bradford, mwaka 1907, daktari wa shule alichukua watoto wapatao 40, akawapa uji asubuhi na chakula cha mchana, akawapima uzito kila mara. Waliongezeka vizuri. Kisha ikaja likizo, na watoto wakakaa nyumbani bila chakula cha shule. Waliporudi, mizani ilionyesha kwamba walikuwa wamepungua. Mizani haina upendeleo. Ilisema wazi kwamba watoto wale hawakuwa wembamba kwa asili yao, bali kwa njaa yao.

5. Kikombe cha maziwa

Baadaye, daktari aitwaye Corry Mann aliuliza swali jingine. Ikiwa mtoto anashiba, je, inatosha? Alikwenda katika nyumba ya kulelea wavulana karibu na London, ambako watoto walikula chakula cha kutosha kwa jinsi watu walivyodhani wakati huo. Aliwagawa makundi. Kundi moja lilibaki na chakula cha kawaida. Kundi jingine liliongezewa maziwa, painti moja kwa siku, yaani zaidi kidogo ya nusu lita. Makundi mengine yaliongezewa vitu vingine, kama siagi au sukari.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1926. Wavulana waliokula chakula cha kawaida waliongezeka kwa mwaka kama kilo 1.7 na santimita 4.7. Wale wa maziwa waliongezeka kama kilo 3.2 na santimita 6.7. Wale wa sukari hawakuwafikia wenzao wa maziwa. Basi jibu la swali likapatikana: kushiba siyo kula vizuri. Tumbo laweza kujaa, na mwili ukabaki na njaa.

Wavulana wale walikuwa bado wadogo, hawajafika balehe. Lakini mtu aingiaye katika miaka ya ujana akiwa amepungukiwa huingia na deni.

Wakati huo huo, huko Scotland, mtaalamu aitwaye John Boyd Orr aliwapa maziwa watoto wa shule zaidi ya elfu moja. Waliopata maziwa walikua haraka zaidi kwa asilimia 20 hivi kuliko wenzao. Tena aliona kwamba hata maziwa yaliyoondolewa mafuta yalisaidia. Likumbuke jambo hilo, wewe unayeuza samli na kubaki na maziwa yaliyoenguliwa. Usiyamwage, wala usiwape mbwa. Mpe kijana wako.

Kutokana na kazi hizo, mwaka 1934 serikali ya Uingereza ilianza kusaidia maziwa ya shule yauzwe kwa bei ndogo, na tangu mwaka 1946 yalitolewa bure kwa wanafunzi wote. Baadaye yaliondolewa kidogo kidogo: shule za sekondari mwaka 1968, na watoto wa zaidi ya miaka saba mwaka 1971. Huku kwetu, Kenya ilianza kutoa maziwa bure katika shule za msingi mwaka 1979, nayo yakaitwa Maziwa ya Nyayo. Waliokuwa watoto wakati ule wanayakumbuka mpaka leo.

6. Wasichana wa Akron

Sasa nataka usikilize habari hii kwa makini, maana inahusu hasa wasichana wa umri tunaousema.

Huko Marekani, katika jimbo la Ohio, kuna mji uitwao Akron. Sehemu ile iko mbali na bahari, na watu wengi walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa shingo. Rovu huonekana sana msichana anapofika balehe. Mwaka 1917 madaktari wawili, David Marine na Kimball, walianza kuwapa wasichana wa shule dawa ndogo yenye madini ya iodini, ambayo sisi tunayaita madini joto. Dawa hiyo ilitolewa mara mbili kwa mwaka, kwa wale waliotaka.

Baada ya miaka michache walihesabu. Katika wasichana 2,190 waliokunywa dawa, waliopata uvimbe walikuwa 5. Katika wasichana 2,305 ambao hawakunywa, waliopata uvimbe walikuwa 495. Andika hesabu hizo mbili katika daftari lako, moja chini ya nyingine. Huhitaji kuwa daktari ili uelewe. Mwaka 1922 jimbo moja la Uswisi lilianza kuuza chumvi yenye madini joto, na mwaka 1924 chumvi kama hiyo ilianza kuuzwa Marekani.

Kwa nini habari hii inatuhusu? Kwa sababu nasi tuna milima. Mvua za karne nyingi huosha udongo wa miinuko na kuyachukua madini joto, na mazao yaotayo humo huyakosa. Katika Tanzania, nyanda za juu za kusini zilikuwa na watu wengi wenye rovu. Katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizozidiwa, na katika miaka ya 1990 ilianza kutaka chumvi ya kula itiwe madini hayo.

Tena rovu siyo uvimbe tu. Msichana asiyepata madini joto akija kuwa mama, mtoto aliye tumboni hupata hasara katika ubongo wake. Kwa hiyo ukimnunulia binti yako chumvi yenye madini joto, umemnunulia na mjukuu wako ambaye bado hajazaliwa. Iweke chumvi hiyo katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, maana madini joto hupotea.

7. Wapimaji wafika Kenya

Bwana Boyd Orr tuliyemtaja alifanya kazi pia kuhusu Afrika Mashariki. Yeye na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya uganga ya Kenya, walitoa taarifa mwaka 1931 juu ya Wamasai na Wakikuyu. Wamasai walikula maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walikula nafaka, viazi, ndizi, kunde na majani. Taarifa ilisema kwamba mwanamume wa Kimasai alikuwa, kwa wastani, mrefu kwa inchi 5 na mzito kwa ratili 23, ambazo ni kama kilo 10, kuliko mwanamume wa Kikuyu.

Msomaji mwenye akili atauliza: je, ni chakula peke yake? Hapana, hatuwezi kusema hivyo. Makabila haya mawili yana asili mbalimbali, na urefu mwingine hurithiwa. Tena Wakikuyu walikuwa wamenyang'anywa sehemu ya ardhi yao na kubanwa katika maeneo madogo, na wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mtu aliyenyimwa shamba hawezi kulaumiwa kwa kukosa ng'ombe. Wataalamu wa historia wamewalaumu wapimaji wale kwa kutazama sahani bila kutazama shamba.

Lakini jambo moja katika taarifa ile lafaa tulichukue. Wanawake wa Kikuyu walikula majani mengi ya mboga kuliko wanaume wao, na majani hayo yaliwapa madini ambayo wanaume waliyakosa. Chakula cha kulinda mwili kilikuwa pale pale shambani, ila wanaume walikidharau. Boyd Orr mwenyewe baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 1945, na mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Aliamini kwamba watu wenye njaa hawawezi kukaa kwa amani.

8. Radio nayo yaingia

Ndugu wasikilizaji, ninyi siyo wa kwanza kujifunza kwa radio. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakazungumza, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani. Mwaka ule ule iliundwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine kwa radio, iliyoitwa Chakula ni Uhai.

Kampeni zile zilitufundisha neno moja. Serikali yaweza kuleta chumvi, vidonge na masomo. Lakini serikali haipakui chakula. Anayepakua ni wewe.

9. Hali ya siku hizi

Je, tumekwisha kushinda? Bado. Uchunguzi wa Tanzania wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 15 mpaka 49, kama 45 walikuwa na upungufu wa damu. Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi, na damu ina madini ya chuma. Ndiyo maana wataalamu wa Marekani wanahesabu kwamba msichana wa miaka 14 mpaka 18 ahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku, na mvulana 11. Msichana mwenye upungufu wa damu huchoka, husinzia darasani, hushindwa kupanda mlima na ndoo kichwani. Mara nyingi sisi husema, "Mtoto huyu mvivu." Kabla hujampiga au kumtukana, mtazame ndani ya kope la chini na viganja vyake. Ukiona weupe, mpeleke zahanati. Huenda ana malaria au safura, na dawa zipo.

Tena siku hizi umekuja ugonjwa wa upande wa pili. Katika miji, kijana hupewa fedha za kula shuleni, naye hununua soda, andazi na chipsi kila siku. Hunenepa, lakini damu yake yaweza kuwa pungufu vile vile. Wakumbuke wavulana wa sukari wa Bwana Corry Mann.

10. Nyumbani kwako

Pengine wasema, "Sina ng'ombe, wala sina fedha za nyama kila siku." Sikuambii ununue nyama kila siku. Sikiliza vitu hivi, ambavyo vingi viko sokoni kwako au shambani kwako.

Kwanza, dagaa. Huliwa wazima, pamoja na mifupa yao midogo, kwa hiyo hutoa protini na kalisi pamoja. Pili, maharage, kunde, choroko na karanga. Tatu, uji wa ulezi asubuhi, kabla kijana hajakwenda shule. Nne, majani: mchicha, matembele, majani ya maboga. Usiyachemshe mpaka yakawa kama dawa, na maji yake usiyamwage. Tano, tunda: embe, papai, chungwa, pera, au limau la kukamulia mboga, maana ukali wa limau huusaidia mwili kupokea chuma kilicho katika maharage na majani. Sita, chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma kisiingie mwilini. Ngoja kama saa moja baada ya kula. Saba, kula dona ukiweza.

La mwisho halina bei. Tazama jinsi mnavyopakua. Nani hupata kipande cha samaki, na nani hupata mchuzi tu? Baba, nakuomba jambo moja: leo usiku, kabla hujanawa mikono, tazama sahani ya binti yako. Ikiwa haina kitu cha kujenga mwili, chukua kutoka sahani yako. Wewe umekwisha kukua. Yeye bado, na miaka yake ya kukua ni michache. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Muhtasari

Miaka ya ujana ni wakati wa mwisho wa mwili kukua, na haurudi. Wazee wetu walijua kumlisha kijana, lakini baadhi ya desturi ziliwanyima wasichana. Vita ya 1899 mpaka 1902 iliwafunulia Waingereza njaa ya watoto wao, na majaribio ya Bradford, London na Akron yalionyesha kwamba kushiba hakutoshi, lazima chakula kiwe cha namna nzuri. Nchi zetu zimejaribu maziwa, radio na chumvi. Sehemu iliyobaki iko katika mkono unaoshika upawa.

Maneno ya kujifunza kusoma na kuandika

Balehe; kalisi; madini joto; protini; rovu; upungufu wa damu; kukoboa; muhtasari.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Watoto wa Bradford walipungua wakati wa likizo. Jambo hilo lilionyesha nini?
2. Wasichana 5 katika 2,190, na wasichana 495 katika 2,305. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti yake.
3. Katika kijiji chenu au mtaa wenu, ni chakula gani walichokatazwa wanawake zamani? Je, kinakatazwa mpaka leo? Nani hufaidika na katazo hilo?
4. Taja vyakula vitatu vya bei ndogo vinavyopatikana kwenu ambavyo vyaweza kumjenga kijana.
5. Kazi ya nyumbani: kwa siku tatu, andika kila kitu alichokula kijana mmoja wa nyumba yako. Lete karatasi hiyo darasani.

Wiki ijayo, saa ile ile, tutasoma somo la kumi, juu ya historia ya maji ya kunywa. Mpaka hapo, kwaherini.